Udongo wa Mashavuni

Wifi yangu Tabea hajawahi kunywa pombe. Naanza na hilo kabisa, kabla hamjaniuliza, maana watu wa hapa Njombe ukiwatajia jina lake huanza kwa kucheka puani. Kileo pekee alichowahi kuonja maishani mwake ni lile funda moja la divai kwenye Meza ya Bwana, na hilo ndilo walilomnyang'anya. Mimi Jeni nasema hivyo, na asiyetaka kuamini akalale mbele.

Aliolewa na mdogo wangu Lukas enzi za Mwingereza, miaka ile vijana walikuwa wakizolewa kwa malori kwenda kukata mkonge Tanga. Mimi nilikuwa nimeshafiwa na mume, nimerudi kwenye boma la baba yetu, kwa hiyo jiko langu na jiko la Tabea yalitazamana. Alikuja kwetu akiwa msichana maji ya kunde, uso laini, mcheshi, na kazi anaijua. Miaka mitatu minne ikapita bila mtoto, lakini hakuna aliyemsimanga, Lukas hakuruhusu. Halafu uso ukaanza kuwaka.

Wekundu ulianzia puani, ukatambaa mashavuni huku na huku, kisha vikafuata vipele vidogo vyenye kuchoma. Akikaa karibu na moto, uso unawaka. Akinywa uji wa moto, unawaka. Akitoka nje kwenye ule upepo wetu wa asubuhi unaokata masikio, akaingia ndani, ndiyo kabisa, utadhani katoka kupigwa makofi. Hata akiona haya tu, damu yote inakimbilia pale pale. Tulimpaka siagi, tulimpaka majani ya kila aina. Tukampeleka kwa mganga wa misheni, akamgeuza uso huku na huku dirishani, akasema ni ngozi tu, haiambukizi wala haiui, na dawa yake hana. Ngozi tu, sawa. Lakini ngozi ya uso huivishi nguo.

Sasa ninyi mnaijua nchi hii. Hapa kwetu mvua zikianza, watu wanakata ncha za mianzi michanga, wanatundika mbeta, ule mwanzi mfupi wa kukingia, na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, unadondoka usiku kucha bila mtu kuupika. Mtu akionekana na macho mekundu au pua nyekundu, hakuna anayeuliza kama ni ugonjwa. Jibu limetundikwa kwenye mianzi. Na nyuma ya jiko la Tabea palikuwa na kichaka kikubwa cha mianzi alichopanda babu yetu. Sisi Walutheri tulikikata kwa ajili ya matenga na uzio, lakini jirani yetu Tarsis, Mkatoliki mwenye wivu na pombe yake, tulimruhusu kugema, na mbeta zake zilining'inia pale kila mtu akizitazama.

Mkosi wenyewe uliingia siku ya Krismasi. Tabea alitoka kwenye mvua na baridi, akaingia kanisani kulikojaa watu mpaka madirishani, na uso ukalipuka. Mzee Filemoni, mzee wa kanisa wa mtaa wetu, alikuwa amekaa benchi la mbele yake. Aligeuka, akamtazama, akageuka tena. Mwenzake akamnong'oneza kitu. Kabla ya mwaka mpya Tabea akaitwa mbele ya baraza la wazee.

Niwape haki yao, Mzee Filemoni hakuwa mtu mbaya. Baba yake alikufa kwa ulanzi, alianguka mtoni akalala humo, na tangu utoto aliichukia pombe kwa moyo wake wote. Ila chuki humfanya mtu aone kitu kimoja tu. Walimwuliza Tabea kama anakunywa, akasema hapana. Wakasema lisemwalo lipo. Ndipo Lukas akasimama, akaomba Biblia, akaweka mkono juu yake, akaapa kwamba mkewe hajawahi kuonja ulanzi, wala komoni, wala chochote, na kwamba kama anasema uongo Mungu amhukumu yeye. Lukas mwenyewe si msemaji, mtu akimkanyaga anaomba radhi yeye. Siku ile sauti yake ilisikika mpaka nje tulikosimama sisi wanawake.

Hawakumsikiliza. Wakasema mume mwema huficha aibu ya mkewe. Wakamtenga Tabea na Meza ya Bwana mpaka uso wake utakapotakata. Na mchungaji wetu mzungu, mtu mzuri wa Mungu, aliyetia sahihi, alikuwa na pua nyekundu kuliko nyanya. Nililisema hilo kwa sauti. Mzungu akiwa mwekundu ni jua. Mbena akiwa mwekundu ni ulanzi. Mama mmoja akanivuta kanga ninyamaze.

Lukas alikuwa akifanya kazi Makambako, mpishi kwenye kambi ile manamba walikolala wakisubiri malori ya kuwapeleka mkongeni. Alirudi kazini na uchungu wake. Aliporudi nyumbani tena alikuwa na kopo la poda alilonunua duka la Mhindi. Alimpa mkewe kwa aibu, akageukia ukuta. Akamwambia kwamba yeye uso wake haumsumbui hata kidogo, lakini kama hiki kitu kitawafumba watu midomo, basi apake.

Tabea akapaka. Masikini ya Mungu! Poda ile ilitengenezwa kwa ajili ya watu wengine kabisa. Alitoka ndani kama aliyechungulia gunia la unga, na wekundu ukachomoza chini yake ukawa zambarau. Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka, halafu katikati ya kicheko akaanza kulia. Nikamwambia aninyamazie, anipe hilo kopo.

Mimi ni mtu wa udongo. Nyumba nyingi za mtaani nimezipaka mimi kuta zake, nyeupe juu, nyekundu chini, nyeusi kuzunguka madirisha. Nauelewa udongo unavyobadilika ukikauka. Nilichukua udongo wa manjano wa kule bondeni, nikauloweka, nikauchuja kwa kitambaa, nikauanika, nikausaga mpaka ukawa laini kama vumbi la mchana. Nikachanganya na poda, nikaongeza udongo wa kahawia kidogo, matone ya mafuta ya nyonyo. Tulijaribu mkononi, tukajaribu shavuni. Mara ya kwanza ulipasuka kama kiraka cha ukuta. Tukapunguza poda, tukaongeza mafuta. Ilipofika Kwaresima tulikuwa tumeupata. Unampaka kwa kidole, taratibu, kuanzia puani kwenda nje, unasubiri ukauke, unafuta uliozidi, na mbele yako anakaa yule msichana aliyeletwa kwetu kuolewa. Alijiangalia kwenye kioo cha Lukas cha kunyolea ndevu, shavu hili, kisha lile.

Hatukumficha Lukas. Alikuja, akaona, akafurahi, akasema dada una mikono. Alijua kilichokuwa chini ya udongo ule, na alijua ni ngozi tu.

Lakini jamani, sikilizeni mambo ya watu. Tulidhani wakiuona uso umetulia watasema, kumbe tulikosea, mama wa watu alikuwa mgonjwa, sasa kapona. Thubutu. Walisema, Tabea ameacha pombe! Ikawa habari ya furaha mtaa mzima. Wanawake waliokuwa wakivuka njia kumkwepa sasa wanamsalimia kamwene kutoka mbali. Baada ya Pasaka Mzee Filemoni alikuja mwenyewe na machozi machoni. Akasema amemwombea kila siku, na tazama, uso umetakata, Mungu ni mwaminifu. Kilichobaki ni kusimama mbele ya usharika, kutubu dhambi ile kwa kuitaja jina, na kurudishwa kundini.

Tabea akamjibu kwa heshima kwamba hawezi kutubu dhambi asiyoitenda. Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema moyo bado mgumu, atazidi kuomba. Alipoondoka nilipiga teke ndoo. Wifi yangu akasema afadhali akae bila Meza kuliko kumdanganya Mungu nyumbani mwake. Nilimheshimu sana kwa neno lile.

Ndivyo ingebaki, kama si kifo cha Ema.

Ema alikuwa mdogo wake Tabea, ameolewa na Manase, kijana aliyekwenda mkongeni akamwacha mjamzito. Mwezi wa sita alijifungua mtoto wa kiume, damu ikakataa kukatika, akafa kabla jua halijazama. Tabea alirudi kutoka mazikoni na kichanga kile mgongoni, na hapakuwa na mtu wa kumzuia siku ile. Alimnywesha maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, kijiko kwa kijiko. Alilala naye kifuani kwa sababu ya baridi. Mtu aliyekaa miaka yote bila mtoto mkononi, nikimwona namna anavyomfunika yule mtoto miguu, nilikuwa natoka nje.

Mtoto ni wa ukoo wa baba, hilo hatukubisha. Lakini mama yake Manase alikuwa mzee, viganja vimepinda, hawezi hata kukamua ng'ombe. Akatoa neno lake: mtoto atalelewa na yule atakayemshika siku ya ubatizo, maana huyo ndiye atakayemjibia mbele ya Mungu. Tabea akimshika, Tabea amlee. Asipoweza, kuna shangazi yake Manase kule Ipelele, yeye yuko tayari. Ipelele, kule juu Ukingani, kwenye baridi kuliko hii yetu, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Na kila mtu alijua kwamba aliyetengwa na Meza ya Bwana hasimamii ubatizo wa mtu. Mama yule alisema waziwazi kwamba mjukuu wake halelewi na mlevi asiyetubu.

Tabea alikwenda kwa Mzee Filemoni mwenyewe. Nilimsindikiza. Nilimwambia mzee yule kwamba mianzi inakauka mvua zikiisha, na wifi yangu anaiva zaidi mwezi wa saba, wakati hakuna hata tone la ulanzi, sasa anakunywa nini? Akasema kuna pombe ya mahindi. Nikamwambia ukweli basi, kwamba uso haujatakata, umepakwa. Tabea alinifinya kiuno nikanyamaza, maana kama uso haujatakata hata mlango wa toba umefungwa. Mdomo wangu huu. Mzee alidhani namtania. Alisema ubatizo ni Jumapili ya tatu ya mwezi, na Tabea anaweza kutubu asubuhi hiyo hiyo, kisha amshike mtoto.

Tukashika njia ya kurudi. Karibu na nyumbani akasema atatubu.

Nilimwambia asithubutu. Nilimwambia uongo wa namna hiyo haurudi nyuma, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na yeye atayaoga maisha yote, kwa sababu siku yoyote uso ukionekana mwekundu watasema amerudia. Nilimkumbusha kiapo cha Lukas. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Wifi," akasema, "Mungu anajua sijanywa. Yeye hatadanganyika. Watakaodanganyika ni watu, na watu ndio wanaonichukulia mtoto."

Kuhusu Lukas, alisema atamweleza mwenyewe. Lukas alikuwa arudi Jumamosi, atamkalisha chini, atamwambia kwa nini, na Lukas ataelewa. Hata mimi niliona ataelewa. Nani angeelewa kama si yeye?

Jumamosi tulimsubiri mpaka giza. Hakuja. Kumbe lori lilivunjika springi njiani kutoka Makambako, wakalala porini. Asubuhi nilimpaka Tabea udongo kwa uangalifu kuliko siku zote. Alisema labda Lukas hatafika kabla ya ibada kwisha. Sijui alikuwa anaogopa au anaomba iwe hivyo.

Aliitwa baada ya wimbo wa pili. Alisimama mbele ya altare amevaa nguo nyeupe, mtoto nimemshika mimi. Na wakati huo huo mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Lukas na vumbi lake lote, kofia mkononi, amekimbia kutoka barabarani ili awahi ubatizo. Nilimwona. Tabea hakumwona, alikuwa anatazama chini. Nilitaka kusimama, mtoto akaanza kulia, nikabaki namtuliza kama mjinga.

Tabea akasema, kwa sauti iliyosikika vizuri, "Mimi Tabea nimemkosea Mungu na usharika. Nilikuwa mlevi wa ulanzi. Nilikunywa kwa siri, nikakana mbele ya wazee, nikamdanganya na mume wangu."

Hilo la mume aliliongeza mwenyewe, hakuna aliyemwagiza. Nalijua sababu yake. Alitaka kumwokoa Lukas na kile kiapo, wasije wakasema aliapa uongo kwa makusudi. Mzee Filemoni aliona hivyo hivyo, akasimama akasema ndugu Lukas hana hatia, alidanganywa na mkewe kama Adamu. Watu wakacheka kidogo, kwa wema. Wakampa Tabea mkono mmoja mmoja. Akamshika mtoto, akajibu maswali yote, maji yakamwagwa, mtoto akaitwa Kefa. Ndipo alipogeuka akamwona Lukas amesimama kule nyuma, hajakaa.

Nyumbani alijaribu kumweleza. Alimweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, mama mkwe wa Ema, Ipelele, lori, yote. Lukas alikuwa ameinamisha kichwa. Mwishowe akauliza swali moja tu. Aliuliza kama alisema uongo mbele ya altare, siku ya ubatizo wa mtoto. Tabea akasema ndiyo. Lukas akasema hapana, mtu hawezi. Alisema hivyo taratibu, kama anayemtetea. Mtu anaweza kuwadanganya wazee barazani, anaweza kumdanganya mume, lakini pale mbele hakuna anayeweza. Kwa hiyo alilolisema pale ndilo la kweli, na haya anayoyasema sasa jikoni ni aibu tu.

Nilimvamia mimi. Nilimwita mpumbavu, mdogo wangu wa tumbo moja. Nikamwambia naishi mkabala na mkewe, nakula naye, nampaka uso kwa mikono hii, ningejua.

"Dada," akasema, "wewe ndiye uliyemfichia. Na poda niliinunua mimi." Akaenda akakaa nje.

Mimi nilibaki na mikono yangu. Niliona alichokuwa anakiona. Mke mwenye uso mwekundu, mbeta nyuma ya jiko lake, dada anayesaga udongo wa kufunika, na yeye mwenyewe amebeba kopo kutoka Makambako. Ukivipanga hivyo, mbona vinaingiana. Mtu wa kwanza na wa mwisho aliyemwamini Tabea bila kuulizwa, tulimpoteza asubuhi moja, na tulimpoteza kwa sababu alikuwa mcha Mungu.

Hakumpiga. Hakumtukana. Afadhali angetukana. Kesho yake aliamka na shoka, akakikata kichaka cha mianzi cha babu, chote, mpaka mizizi, Tarsis amesimama pembeni ameshika mbeta zake. Lukas akamwambia samahani, kuna mgonjwa nyumbani. Alikuwa anamsaidia mkewe, mnaelewa? Kila alichofanya baada ya hapo kilikuwa cha kusaidia. Akaacha kazi ya Makambako, akalima viazi, asimwache peke yake. Akampenda mtoto kama wake. Mama yake Manase akatulia, watu wakasema tazama nyumba iliyookolewa.

Jioni moja, Kefa ameshaanza kukaa, nilikuwa jikoni kwa wifi namenya viazi. Baridi ilikuwa kali na moto mkubwa, na Tabea alikuwa amejisogeza mbali nao kama kawaida yake, mtoto mapajani, udongo mashavuni. Lukas akaingia kutoka shambani. Akanisalimia. Akainama kumsalimia mtoto, akamshika kidevu, akamchekesha, na wakati anainuka akausogeza uso wake karibu na mdomo wa mkewe, akavuta pumzi kwa pua, polepole, asitake ionekane.

Nilidhani nimeona vibaya. Lakini Tabea hakushtuka. Alikuwa ameshazoea. Aligeuza uso kuelekea kwake, akafungua mdomo bila kuombwa, akampumulia.

Lukas akasema asante, akaenda kunawa mikono. Tabea akaniuliza kama udongo umebaki wa kutosha mpaka Jumapili. Nikamwambia haujabaki, nitausaga kesho.